Setúbal hadi Sagres kwa baiskeli, upepo ukiwa mgongoni

Mara ya kwanza kupita pwani ya Alentejo kwa baiskeli nilianzia Sagres, pembe ya kusini-magharibi ya Ureno, nikakusudia kupanda hadi Setúbal, mji ulio kusini ya Lisbon ninakoishi. Ilikuwa Julai. Ramani ilinionyesha kilomita mia mbili na kitu, na miguu yangu ilikuwa imezoea sitini kwa siku. Nilipopita tu Vila do Bispo upepo ukanishika kifuani, haukuniachia mpaka jua lilipozama. Hata kwenye mteremko nilikuwa nakanyaga. Siku ya tatu jioni ndiyo naingia Vila Nova de Milfontes, mahali nilipopanga kulala siku ya pili. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akishona nyavu aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia, alinyoosha kidole kaskazini akatamka neno moja: nortada.

Nortada ni kaskazi yao. Mimi ni mtoto wa Malindi, baba yangu alikuwa nahodha, na kwetu hakuna anayetweka tanga kuelekea Uarabuni wakati kaskazi inavuma. Anangoja kusi. Hayo niliyajua tangu utotoni, ila sikuwahi kufikiri kuwa yanahusu baiskeli pia. Tangu safari ile nimeirudia njia hii mara nne, kila mara kutoka kaskazini kwenda kusini. Ninayoyaandika hapa ni kwa yeyote anayetaka kuijaribu: wewe uliye Lisbon kikazi, wewe unayekuja kutembelea jamaa, na wewe uliye Mombasa unayeweka akiba huku ukingoja viza ya Schengen.

Kwanza upepo, kisha mwezi

Kaskazi yetu huvuma Desemba hadi Machi. Nortada hushika zaidi Juni hadi Agosti, na injini yake ni joto. Ardhi ya Ureno na Hispania ikipigwa na jua, hewa iliyo juu yake hupanda. Kule baharini karibu na visiwa vya Azores hewa nzito imetulia, nayo husukumwa kuja kujaza pengo, ikishuka ukingoni mwa pwani kutoka kaskazini. Kwa kuwa joto ndilo linaloiendesha, alfajiri nortada imelala, saa sita mchana inaamka, alasiri inatoa nguvu zake zote. Upepo huo huo husukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi ya chini yakapanda kushika nafasi. Ndiyo maana bahari ya Julai hapa hupenya hadi kwenye mifupa, na ndiyo maana pia sardini ni wengi na wanono, kwani maji yale ya chini hupanda na chakula.

Basi, kata njia kwenda kusini, na ondoka mapema. Saa moja asubuhi mimi huwa tayari barabarani. Ukipatwa na kipande cha kurudi kaskazini, kwa mfano umeshuka ufukweni na unarudi kijijini, kifanye kabla ya adhuhuri.

Miezi ninayoipenda ni Mei na nusu ya pili ya Septemba. Mei vilima vimejaa maua ya porini na mito midogo bado ina maji. Septemba bahari angalau inaogeleka na umati umekwisha rudi mjini. Julai na Agosti sikushauri: vyumba vimejaa, bei zimepanda, na ukiingia bara kidogo tu joto la Alentejo linaweza kupita nyuzi 40. Kuanzia Novemba mvua huja na upepo wake wa kusini-magharibi, na hesabu yote niliyokupa hapo juu inageuka.

Baiskeli na mzigo

Baiskeli yoyote imara yenye keria inatosha. Ninachosisitiza ni tairi na gia. Tairi ziwe na upana wa milimita 38 hadi 40, kwa sababu lami ni nzuri lakini vijiji vimetandazwa mawe madogo yanayoitwa calçada, na mvua ikinyesha mawe hayo huteleza kama sabuni. Gia ya chini kabisa iwe nyepesi kuliko unavyodhani unaihitaji. Pwani hii ukiitazama kwenye ramani ni tambarare; ukiwa juu ya kiti ni mfululizo wa mabonde mafupi yenye kuta kali.

Mzigo usizidi kilo 12, na usiuweke wote nyuma. Safari yangu ya pili niliurundika wote kwenye keria, na karibu na Almograve spoku mbili zikanikatikia gurudumu la nyuma, zote upande wa cheni. Huo ndio upande unaobeba shida, na huwezi kupitisha spoku mpya hapo bila kufungua gia za nyuma. Tangu siku hiyo nabeba spoku tatu za urefu sahihi, nimezifunga kwa utepe kwenye fremu, pamoja na kifungulio cha gia. Ongeza tyubu mbili, viraka na gundi, pampu, na chupa ndogo ya mafuta ya cheni. Kati ya Sines na Lagos (Lagos ya Ureno, mashariki ya Sagres) usitegemee kumpata fundi haraka.

Maji, lita tatu. Maji ya bomba Ureno yanakunywika popote. Kwenye chemchemi za vijijini soma kibao: potável ni ya kunywa, não potável si ya kunywa.

Sheria chache za barabarani. Hapa tunashika kulia, si kushoto kama nyumbani, na hatari kubwa ni asubuhi unapotoka hotelini ukiwa bado na usingizi. Gari likikupita, sheria inamtaka dereva aache mita moja na nusu kati yake na wewe, wengi huiheshimu. Barabara zinazoanza na herufi A ni za magari ya kasi, baiskeli marufuku. Taa za mbele na nyuma ni lazima usiku. Namba ya dharura ni 112.

Njia yenyewe

Ukianzia Lisbon, daraja la 25 de Abril halipitiki kwa baiskeli. Lakini chini ya barabara ya daraja hilo pana reli, na treni ya Setúbal hupita hapo hapo. Unaingia nayo baiskeli na unaona mto Tejo wote chini yako. Epuka tu saa ambazo watu wanakwenda na kutoka kazini.

Setúbal kula kwanza. Chakula cha mji huu ni choco frito, yaani dome wa kukaanga, na sahani moja inatosha kukufikisha mbali. Kisha teremka bandarini. Kuna vyombo viwili vya kuvuka kwenda Tróia, boti ya abiria na feri ya magari. Wewe panda feri ya magari. Simama upande wa nje uangalie maji, kwa sababu mlango wa mto Sado una kundi lake la pomboo wanaoishi humo mwaka mzima.

Tróia ni rasi ndefu ya mchanga. Barabara imenyooka, misonobari pande zote, bahari kuumeni, Sado kushotoni. Mchanga hupeperuka mpaka kwenye lami, kwa hiyo ukifika Comporta pangusa cheni na uitie mafuta upya. Na ukifika Comporta usikimbilie kuondoka. Utakuta mashamba ya mpunga yametanda hadi upeo wa macho, na korongo weupe wamejenga viota juu ya nguzo na dohani. Mara ya kwanza nilisimama pale kwa muda mrefu. Sikutarajia kuikuta harufu ya bonde la Tana huku.

Kutoka Comporta kwenda Melides kipande cha barabara ya N261 kina madereva wa haraka, hasa Ijumaa na Jumapili watu wa Lisbon wanapoingia na kutoka. Kipite siku ya kazi. Siku ya kwanza mimi hulala Melides, kama kilomita 45 kutoka feri, au nikiwa na nguvu nasogea hadi Lagoa de Santo André, ziwa lililotengwa na bahari kwa ukuta wa mchanga tu. Kila mwaka huchimba mfereji kwenye ukuta huo ili maji ya bahari yaingie na kutoka.

Hapa nitakushauri jambo ambalo wapenda pwani wengi hawalifanyi: iache bahari kwa nusu siku. Toka Melides upande vilima vya upande wa Grândola. Utaingia kwenye misitu ya sobreiro, mialoni ambayo gome lake hutoa vizibo vya chupa. Tazama mashina. Mengine ni meusi na yenye mikunjo, mengine mekundu kama udongo uliofinyangwa sasa hivi, na kila moja lina tarakimu iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Tarakimu hiyo ni ya mwisho ya mwaka mti ulipovuliwa gome: 7 ni 2017, 3 ni 2023. Sheria inataka miaka tisa ipite kabla ya kuvua tena, na mti mchanga hauguswi mpaka utimize kama miaka 25. Kazi hiyo hufanywa kwa shoka, majira ya joto, na mafundi wenye mkono mwepesi, kwani shoka likizidi kidogo mti hujeruhiwa. Nimesimama nikaona watu wawili wakivua gome moja zima kama mtu anavyomvua mtoto koti. Ukipita Juni au Julai unaweza kuwaona. Wasalimie kwanza, bom dia, ndipo utazame.

Siku ya pili unakwenda Sines. Wengi huiruka kwa sababu ya matangi ya mafuta na malori, na ni kweli kilomita chache za mwisho hazipendezi. Barabara hupanuka na baadhi yake ni marufuku kwa baiskeli, hivyo pitia njia ndogo kutoka Vila Nova de Santo André. Lakini ingia mji wa kale, uende kwenye ngome. Nje ya ngome imesimama sanamu ya Vasco da Gama, aliyezaliwa mji huu, ikitazama bahari. Mimi nimekua nikicheza karibu na nguzo yake pale Malindi, alikotia nanga Aprili 1498 na kupewa rubani wa kumvusha hadi India. Kwetu tulifundishwa kufika kwake. Pale Sines niliuona kwa mara ya kwanza mlango aliotokea, nikakaa kwenye ukuta nikala machungwa yangu na kufikiria yote yaliyofuata, ya Mombasa, ya Kilwa, ya meza na bendera na leso, maneno waliyotuachia midomoni. Kwa mtu wa pwani yetu, kituo hiki nakihesabu kuwa cha lazima.

Kutoka Sines pita ufukwe wa São Torpes hadi Porto Covo, kilomita kama 15, karibu zote tambarare na bahari iko ubavuni. Kuanzia São Torpes utaona alama za Rota Vicentina, mtandao wa njia za matembezi, hasa ile njia ya miguu iitwayo Trilho dos Pescadores, inayopita juu ya magenge. Usiingie nayo na baiskeli. Ni njia ya waendao kwa miguu, ni mchanga mtupu, na ukingo unamomonyoka. Shika barabara ndogo za ndani, kisha kila baada ya saa moja kata kulia ushuke hadi baharini, utazame, urudi. Ukifanya hivyo utaiona pwani yote na hutasukuma baiskeli mchangani.

Lala Milfontes. Asubuhi vuka daraja la mto Mira, halafu kaa kwenye barabara ndogo za Almograve, Cavaleiro na Zambujeira do Mar. Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote, na ni kifupi, kilomita 35 tu, kwa hiyo kipe siku nzima. Pale Cabo Sardão, nyuma ya mnara wa taa, sogea polepole mpaka karibu na ukingo na uangalie chini. Korongo wale wale wa Comporta hapa wamejenga viota juu ya nguzo za mawe zilizochomoza baharini, mawimbi yakipasuka chini ya makinda yao. Machi hadi Juni ndio wakati wa makinda. Usirushe droni, usipige kelele.

Kuanzia hapa majina ya mahali yatakusaidia kuliko ramani, ukiwa na Kiarabu kidogo cha madrasa. Waislamu walitawala kusini mwa Ureno kwa karne tano, na Algarve yenyewe ni al-Gharb, magharibi. Odemira, Odeceixe: hiyo Ode ni wadi, yaani mto. Kila unapoiona kwenye kibao, jua kwamba utateremka hadi mtoni kisha utapanda ng'ambo, na uweke gia nyepesi mapema kabla ya kona. Bonde la Odeceixe ndilo linalotenganisha Alentejo na Algarve. Mteremko wake ni mkali na una kona, jaribu breki zako juu, si katikati.

Kati ya Zambujeira na Odeceixe utapita mahema marefu ya plastiki yanakolimwa matunda madogo kama rasiberi. Wafanyakazi wengi ni Wanepali, Wahindi na Wabangladeshi. Mjini São Teotónio, mbali kidogo na njia, nilipata duka la mmoja wao lenye nyama ya halali na dengu, na tukazungumza habari za kukaa ugenini hadi usiku.

Siku ya nne ni N120 hadi Aljezur. Ina malori, vaa kizibao kinachong'aa. Aljezur inajulikana kwa viazi vitamu vya aina iitwayo Lira, vyekundu nje na vya manjano ndani. Vikichomwa, ladha yake ni ya nyumbani kabisa. Kama una saa mbili, kata kwenda Arrifana. Juu ya magenge pale Ponta da Atalaia kuna mabaki ya ribati, ngome ya ibada, iliyojengwa karne ya 12 na Ibn Qasi, kiongozi wa Kisufi, kuta fupi za misikiti zenye mihrabu zinazotambulika bado, na Atlantiki yote mbele yake. Nilisali adhuhuri karibu na hapo, upepo ukitaka kuniondolea kofia.

Siku ya tano ni N268 kupitia Carrapateira na Vila do Bispo hadi Sagres, kilomita kama 50. Kupanda kwake ni kurefu, lakini nortada iko mgongoni, na ukifika uwanda wa Vila do Bispo utasafiri kama jahazi lililofungua tanga lote. Kutoka Sagres bado kilomita sita hadi Cabo de São Vicente, mwisho wa bara la Ulaya upande huu. Kuwa mwangalifu hapo tu: upepo unatokea ubavuni, kulia, na kila basi la watalii likikupita linaukata ghafla kisha unarudi. Shika usukani kwa mikono miwili.

Kula na kulala

Vijijini jikoni hufungwa kama saa nane na nusu mchana na hakuna kitu mpaka usiku. Kula mapema, uulize prato do dia, chakula cha siku, ndicho cha bei nafuu na kimepikwa asubuhi hiyo. Mkate na zeituni zinazowekwa mezani kabla hujaagiza si zawadi. Ukila unalipa, usipotaka sema não, obrigado, hakuna atakayeudhika.

Asiyekula nguruwe ajifunze maneno manne: porco (nguruwe), presunto (paja lake lililokaushwa), chouriço (soseji), toucinho (mafuta yake ya mgongoni). Chouriço hutumbukizwa hata kwenye supu ya mboga, na banha, mafuta ya nguruwe, huingia kwenye baadhi ya keki na mikate. Sema sem carne de porco, wataelewa. Chakula cha kukuokoa ni açorda ya Alentejo: mkate wa jana, maji ya moto, kitunguu saumu kilichopondwa na dania nyingi, mafuta ya zeituni, na yai juu. Uliza kama maji ni matupu au ni ya samaki. Kwenye baridi ya asubuhi baada ya mvua, sijui chakula kinachorudisha nguvu kama hicho.

Kutoka Sines kwenda kusini karibu pwani yote ni hifadhi ya asili, na kupiga hema popote ni marufuku. Viko viwanja vya kambi Porto Covo, Milfontes, Zambujeira na Sagres. Kwa chumba, piga simu siku moja kabla na useme wazi una baiskeli, uulize italala wapi. Nyumba moja niliyolala iliniambia niiache barabarani usiku kucha. Niliondoka nikatafuta nyingine saa tatu usiku. Sasa nauliza kwanza.

Kurudi

Sagres haina reli. Endesha hadi Lagos, kilomita 33. Kwa kuwa unaelekea mashariki, upepo utakuwa wa ubavu, na mapema asubuhi haupo kabisa. Lagos unapanda treni ya mkoa hadi Tunes, baiskeli bure. Tunes unabadilisha na kupanda Intercidades, treni ya masafa marefu, ya Lisbon, na hiyo ina nafasi chache mno za baiskeli zinazokatwa pamoja na tiketi yako. Ikate kabla hujaondoka Setúbal. Alfa Pendular, treni ya kasi, haichukui baiskeli ila iliyofunguliwa na kutiwa mfukoni. Pale Tunes muda wa kubadilisha huwa mfupi, hivyo vua mifuko ya keria ukiwa bado ndani ya treni ya kwanza, na simama mlangoni kabla haijasimama.